Njaa Yenye Mashahidi

Kwa siku mbili za mwanzo hakuna cha kutazama. Kwenye sahani ya maabara, Streptomyces coelicolor hutandaza nyuzi zake ndani ya chakula kilichogandishwa, nyingine zikichimba kwenda chini, nyingine zikitawanyika pembeni, na mtu anayetazama kwa macho matupu haoni ila doa la rangi ya maziwa. Kisha doa hubadilika bila kuguswa na mtu. Hutokea wekundu unaobaki ndani ya nyuzi zenyewe, halafu bluu ambayo haikubali kukaa ndani: huvuja, ikalowanisha chakula kote kuizunguka koloni. Juu huota manyoya meupe, na siku chache baadaye manyoya hayo hugeuka kijivu, kwa kuwa kila unywele umejikata vipandevipande na kila kipande kimekuwa spora, tayari kuondoka.

Bluu ile ni aktinorodini, kiuavijasumu. Wekundu nao ni kiuavijasumu cha ukoo mwingine. Kwa hiyo mchunguzi wa bakteria huyu ana bahati ambayo wenzake wengi hawana: uamuzi wa kiumbe anaousoma huandikwa kwa wino mbele ya macho yake. Mwingereza David Hopwood alianza kumfuatilia huko Cambridge katika miaka ya 1950, akahamia naye Glasgow na baadaye Norwich, na mwaka 2002 orodha kamili ya jeni zake ilichapishwa. Zilikuwa jeni 7,825. Hamira, ambaye seli yake ni ya daraja la juu zaidi kwa hesabu za wanabiolojia, ana kama 6,000. Nimekuwa nikijiuliza kiumbe asiyeenda popote, aishiye gizani kati ya punje za udongo, anahitaji jeni zote hizo za nini. Jibu langu, kadiri ninavyozidi kusoma, ni kwamba sehemu kubwa ya utajiri huo haihusu kukua. Inahusu kujua wakati wa kuacha kukua.

Tumezoea kusimuliwa habari hii kwa lugha ya vita. Bakteria wa udongo, tunaambiwa, wanapigana usiku na mchana. Viuavijasumu ni silaha zao, na mwanadamu amewanyang'anya silaha hizo akazielekeza kwa maadui zake mwenyewe. Simulizi hiyo ina ladha, tena ilizaliwa kwa haki. Oktoba 1943, katika Chuo cha Rutgers, New Jersey, kijana wa miaka 23 aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi chini ya Selman Waksman, aliwatenga Streptomyces griseus wawili, mmoja kutoka udongo uliojaa samadi na mwingine kutoka koo la kuku. Kutoka kwao ikapatikana streptomaisini, dawa ya kwanza yenye uwezo dhidi ya kifua kikuu. (Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 peke yake, baada ya Schatz kumshitaki na wakapatana; ugomvi wao ni hadithi nyingine, nayo haina mtu mzuri sana.) Katika majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 1948, wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa streptomaisini walikuwa wamekufa baada ya miezi 6; miongoni mwa waliopewa kitanda na mapumziko tu, walikuwa 14 kati ya 52.

Huku kwetu, Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, palikuwa pakilazwa wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920, wakati tiba ilikuwa hewa safi, chakula na subira. Aliyepona alipona, asiyepona akazikwa. Mwaka 1972 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza: streptomaisini ikiunganishwa na isoniazidi na rifampisini, miezi 6 ingeweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu. Rifampisini yenyewe asili yake ni jamaa wa karibu wa bakteria hawa, aliyetolewa katika udongo wa kusini mwa Ufaransa. Basi ukimkuta mzee wa Moshi au Machakos anayekumbuka sindano za kila siku makalioni, anakumbuka kitu ambacho bakteria fulani alikitengeneza siku chakula chake kilipokaribia kwisha.

Hapo ndipo lugha ya vita inaponishinda. Kama viuavijasumu ni silaha, mbona bakteria huyu hazitengenezi anapokuwa na nguvu? Mwenye chakula tele angekuwa ndiye wa kuwafukuza majirani na kupanua himaya. Lakini mpe glukosi ya kutosha na fosfeti ya kutosha, naye atakula, atakua, na sahani itabaki nyeupe. Wenye viwanda wanalijua hili vizuri. Katika matangi yao makubwa ya kuchachushia hawamshibishi. Sukari huingizwa taratibu na fosfeti hupimwa kwa uchoyo, ili bakteria asife lakini pia asistarehe. Sehemu kubwa ya ufundi wa kuzalisha dawa hizi ni ufundi wa kumweka kiumbe ukingoni.

Ili kuelewa anachokifanya ukingoni lazima kwanza tukumbuke kwamba hawezi kuhama. Bakteria wengi wana mikia ya kuogelea; chakula kikiisha hapa, huenda pale. Streptomyces hutandaza nyuzi kama kuvu, na uzi ukishajikita ndani ya jani lililooza umejikita. Njia pekee ya kuondoka ni kuacha mwili hapo na kutuma spora. Na spora hazitengenezwi bure. Chakula cha nje kikiwa kimeisha, kilichobaki ni mwili wenyewe, kwa hiyo nyuzi za chini huanza kujimeng'enya: kuta zake, protini zake, DNA yake, vyote huvunjwa na kupandishwa juu kulisha manyoya yanayochipuka hewani. Koloni hujila ili ijizae.

Sasa fikiria ghala hilo lililofunguka katikati ya udongo wenye mamilioni ya midomo. Kila bakteria mwenye mkia aliye karibu ananusa karamu. Ndiyo maana wanabiolojia wengi wanadhani kwamba viuavijasumu vinavyotoka saa hiyo hiyo ni ulinzi wa akiba, si uvamizi. Mkulima aliyeyafunga mahindi ya mbegu na kuyaning'iniza juu ya moto wa jikoni, ili moshi uwazuie fukusi, hajatangaza vita na fukusi wa dunia nzima. Anailinda mbegu ya msimu ujao katika miezi ambayo tumbo la nyumba nzima linaitamani.

Ndiyo maana dawa na spora huja pamoja, na pamoja nazo huja harufu. Ile harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, ambayo kila mtu aliyekulia kwenye vumbi anaijua, kwa sehemu kubwa ni geosmini, na Streptomyces ni miongoni mwa watengenezaji wake wakuu. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba utengenezaji huo umefungamana na uundaji wa spora, na kwamba harufu hiyo huwavuta wadudu wadogo warukao wa udongoni, ambao huja kula na kuondoka na spora zilizowagandia mwilini. Sisi tunaofumba macho na kuvuta pumzi mvua inapoanza tunasikia tangazo lililoandikwa kwa ajili ya wengine.

Lakini swali linalonishika zaidi si *kwa nini*. Ni *anajuaje*. Kukosea hapa ni ghali pande zote mbili. Akijimeng'enya kwa sababu ya upungufu wa saa moja, huku jani jipya likidondoka karibu, amejiua bure. Akichelewa, atakosa nguvu ya kutengeneza chochote, maana kiuavijasumu ni kitu cha gharama: jeni ishirini na kitu zikifanya kazi kwa zamu kuunda molekuli moja. Uamuzi usiorudi nyuma unahitaji ushahidi, na ukiingia ndani ya seli hii unakuta kwamba haitegemei shahidi mmoja.

Wa kwanza hutoka kwenye ribosomu, mashine zinazounganisha protini. Asidi amino zikipungua, ribosomu hukwama, na mkwamo huo huzalisha molekuli ndogo iitwayo ppGpp, ambayo huamuru ujenzi wa ribosomu mpya upunguzwe. Bakteria wa karibu kila aina wanaitumia; kwa Streptomyces imepewa kazi ya ziada ya kuamsha viuavijasumu. Watafiti wa Norwich waliwahi kuifanya seli ya S. coelicolor itengeneze ppGpp kwa hila, bila kusubiri asidi amino ziishe, na aktinorodini ikaanza kutengenezwa. Nililazimika kulisoma jambo hilo mara mbili. Habari ya njaa ilitosha bila njaa yenyewe.

Wa pili ni fosfeti, na huyu ushahidi wake ni wa kukataa: akiwapo kwa wingi, milango mingi ya viuavijasumu hubaki imefungwa hata wengine waseme nini.

Wa tatu ndiye ninayempenda. Kuna sukari yenye jina refu, N-asetiliglukosamini, inayopatikana mahali pawili. Imo ndani ya kaitini, ile dutu ya maganda ya wadudu na kuta za kuvu, ambayo udongoni ni chakula kizuri. Imo pia ndani ya ukuta wa bakteria mwenyewe. Kwa hiyo Streptomyces anapoionja sukari hiyo, huenda amekutana na mzoga wa mdudu, yaani neema. Au huenda anaonja kuta zake mwenyewe zikibomoka, yaani mwisho umeanza. Ladha ni ileile. Mwaka 2008 watafiti wa Ubelgiji na Uholanzi walionyesha kwamba katika mazingira yenye chakula kingi, sukari hiyo humwambia bakteria aendelee kukua, na katika mazingira maskini humsukuma kwenye spora na viuavijasumu. Ndani ya seli kuna protini, DasR, inayokalia swichi ya aktinorodini na kuizima. Sukari ikiingia na kubadilishwa kidogo, hujishikiza kwenye DasR na kuiondoa pale ilipokaa. Hata hivyo swichi kuwa huru si amri ya kuwaka. Shahidi huyu hasikilizwi peke yake. Maana ya maneno yake hutokana na yale ambayo wengine wamekwisha kusema.

Kisha kuna kizuizi cha ajabu kilichofichwa ndani ya maandishi ya jeni yenyewe. Jeni husomwa kwa herufi tatutatu, na kuna njia sita za kuandika asidi amino iitwayo leusini. Moja kati ya hizo sita ni TTA, na Streptomyces karibu ameiacha kuitumia: katika jeni zake 7,825 ni 145 tu zilizo nayo. Molekuli moja pekee, inayotokana na jeni ya bldA, ndiyo inayoweza kuisoma. Ukimnyang'anya bakteria bldA, hakuna kinachoharibika katika ukuaji wake. Anakula, anatanda, ananenepa. Ila koloni yake hubaki na upara, bila manyoya, bila spora, na bila bluu, kwa kuwa TTA imo ndani ya jeni inayowasha aktinorodini. Maisha ya kushiba yameandikwa yote bila tahajia hiyo. Imetengwa kwa ajili ya yatakayokuja baadaye.

Na S. griseus, yule wa streptomaisini, ana shahidi wa hadharani. Mjini Moscow, katika miaka ya 1960, kundi la Khokhlov lilikuwa na koloni tasa isiyotoa dawa wala spora. Walipoichanganya na kiasi kidogo mno cha dutu kutoka kwa ndugu yake mzima, vyote viwili vilirudi. Dutu hiyo ikaitwa A-factor, na baadaye Wajapani Horinouchi na Beppu wakaifuatilia hatua kwa hatua: kila seli huimwaga kidogokidogo nje, kiwango hupanda kadiri jamii inavyokua, na kikifika kikomo fulani kizuizi kimoja huanguka na kuviangusha vingine. Hapa swali si tena kama mimi nina njaa. Ni kama tuko wengi wa kutosha kwa jambo hili kuwa na faida.

Najua ninapopelekwa na maelezo haya. Wahamasishaji wa semina wangenipokonya kalamu: tazama, shida huzaa ubunifu, njaa ni mwalimu, usilalamike. Sikubali. Njaa katika udongo huua, kama inavyoua mahali pengine, na bakteria wengi wanaopatwa nayo hawaachi dawa yoyote nyuma yao. Kilichomo ndani ya Streptomyces ni vifaa vya kupima upungufu, vilivyokusanywa kwa mamia ya mamilioni ya miaka, pamoja na akiba ya kutosha ya kulipia kitendo. Mtu akiniambia umaskini humfanya mtu awe mbunifu, nitamwuliza akiba iko wapi.

Tena gharama yenyewe hailipwi sawa. Mwaka 2020 watafiti wa Leiden walionyesha kwamba ndani ya koloni moja ya S. coelicolor, sehemu ya seli hupoteza vipande vikubwa vya ncha za kromosomu, wakati mwingine zaidi ya herufi milioni moja. Kromosomu ya bakteria huyu haina umbo la pete kama ya bakteria wengi. Ni mstari, na ncha zake hukatika. Seli zilizokatika hutengeneza viuavijasumu vingi zaidi, tena vya aina nyingi zaidi. Lakini spora zake ni chache, na hazina njia ya kuyarudisha yaliyopotea. Kwa maneno mengine, kuna wanaolinda na kuna wanaozaa, na wanaolinda hawatakuwa na wajukuu. Tumezoea kusema "bakteria ameamua". Hapa sijui tena neno *ameamua* nimpe nani. Seli iliyokatika haikuamua lolote. Koloni haina kichwa cha kuamulia. Bado kazi inafanyika, na ndugu wazima wanafaidika.

Kuna pia jambo dogo la kiufundi ambalo sioni likitajwa mara nyingi, nalo linanifurahisha kuliko nadharia nyingi. Streptomaisini huziba ribosomu, na mtengenezaji wake naye ana ribosomu. Anajiepushaje na sumu yake? Anaitengeneza ikiwa imefungwa. Hatua ya mwisho kabla ya kutoka, molekuli hubeba kipande cha fosfeti kinachoifanya isidhuru. Nje ya seli, kimeng'enya kingine hukiondoa, ndipo inapokuwa dawa. Jeni ya ulinzi huo imekaa bega kwa bega na jeni za utengenezaji, kwenye kundi moja. Kwa hiyo usugu, ambao hospitali zetu zinauogopa kana kwamba ni uasi wa juzi, una umri wa dawa zenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walipima aina 480 za bakteria wa udongo wa ukoo huu kwa dawa 21, na kwa wastani kila aina ilistahimili dawa 7 au 8. Tulichokifanya sisi, kwa kumeza vidonge nusu dozi na kumlisha kuku dawa ili anenepe, ni kuzipa jeni za zamani soko jipya.

Orodha ile ya mwaka 2002 ilileta aibu kidogo pia. Baada ya nusu karne ya kumchunguza S. coelicolor, watafiti walikuwa wanajua dawa zake chache. Jeni zake zilionyesha makundi zaidi ya 20 ya kutengeneza kemikali za namna hiyo. Mengi hayajawahi kusikika yakizungumza kwenye sahani. Nadhani sababu ni hiyo hiyo ya mashahidi: maabara humpa bakteria chakula safi, joto lisilobadilika na upweke, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokizoea. Mara nyingi kumweka tu karibu na jirani wa aina nyingine hutosha kuleta rangi ambayo haikuwapo jana.

Mfano wa karibu na sisi umo Kenya. Kwenye mbuga za udongo mweusi humea mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi kwenye miiba, vile vinavyopiga mluzi upepo ukivipitia. Ndani ya vinundu hivyo hukaa sisimizi. Aina mojawapo, Tetraponera penzigi, hufuga kuvu humo. Kutoka kwa sisimizi hao wa Kenya watafiti wa Norwich walimpata bakteria waliyemwita Streptomyces formicae, na mwaka 2017 wakatangaza molekuli zake, formikamaisini, zinazowaua bakteria sugu wa hospitalini, pamoja na wale stafilokoki wasiosikia methisilini. Katika chakula cha majimaji, ambacho ndicho kiwanda hukitaka, bakteria huyo alikataa kuzitengeneza. Wakatafuta anayemzuia, wakapata protini moja, ForJ. Walipoifuta jeni yake, uzalishaji ukapanda mara kadhaa, na ukaendelea hata kwenye majimaji.

Hiyo ni habari njema, na anayelala wodini na kidonda kisichopona hana sababu ya kuipokea kwa shaka. Mimi shaka yangu ni ya namna nyingine. Aina iliyofutwa ForJ hutengeneza dawa mchana na usiku, ashibe asishibe, kwa kuwa tumemwondolea mmoja wa waliokuwa wakiulizwa kwanza. Ndani ya kinundu cha mgunga, mwenzake ambaye hajaguswa bado anaulizwa, na ningependa mtu aketi muda mrefu karibu na mti ule, na sisimizi wake na kuvu wao na misimu yake ya ukame, aone ni lini hasa jibu linakuwa ndiyo.